Vali ya Kuchepushia Hewa Katika Injini Yenye Tabo: Namna ya Kuchagua ya Badala

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisafiri kutoka Morogoro kwenda Iringa kwa gari dogo la petroli lenye tabo. Tulipoanza kupanda milima ya Kitonga, gari lilianza kulegea. Injini ilinguruma kama kawaida, hakukuwa na moshi wala joto la kupindukia, lakini nguvu haikuja. Malori ya mizigo ambayo tulikuwa tumeyapita Ruaha Mbuyuni yalitufikia tena, na moja likatupita.

Pale Iringa fundi alilijaribu gari barabarani, akarudi akitikisa kichwa. "Mwalimu, tabo imekufa. Inatakiwa nyingine." Bei aliyoitaja ilizidi mshahara wangu wa miezi miwili. Nilikuwa tayari nimeanza kufikiri nitamkopa nani, ndipo kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi kwa fundi huyo akafungua kifaa kidogo cha plastiki kilichokaa kwenye bomba la hewa, akaweka kinywa chake kwenye mrija wake mwembamba, akavuta. Hewa ilipita bila kizuizi chochote. "Shikamoo, Mwalimu," akasema kwa haya, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana, "nadhani ni hiki tu. Mpira wake umechanika."

Kijana yule alikuwa na haki. Mimi, niliyekaa ughaibuni miaka minne nikisomea mwendo wa gesi, sikukifikiria kifaa hicho hata mara moja. Wala kosa langu halikuishia hapo, kwani nilipokwenda kununua kingine nilichagua kibaya, na iliwapasa wengine kunisahihisha. Makala haya ni hesabu ambazo ningalizifanya kabla ya kutoa fedha mfukoni. Hazihitaji elimu zaidi ya fizikia ya sekondari.

1. TABO NI NINI

Injini ya petroli hupata nguvu kwa kuchoma mchanganyiko wa hewa na mafuta. Gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Kuongeza mafuta ni rahisi. Shida ni kupata hewa. Injini ya kawaida huvuta hewa kwa pistoni zake tu, na hivyo haiwezi kupata zaidi ya ile ambayo angahewa yaweza kuisukuma ndani.

Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo la kutumia nishati ya moshi wa injini, ambayo hupotea bure, kushindilia hewa inayoingia. Hiyo ndiyo asili ya tabo. Kifaa hiki kina magurudumu mawili yaliyofungwa kwenye shafti moja. La kwanza, gurudumu la moshi, huzungushwa na moshi utokao kwenye injini. La pili, gurudumu la hewa, huvuta hewa safi kutoka kwenye chujio na kuishindilia ndani ya bomba liendalo kwenye injini. Magurudumu hayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Magari madogo yalichelewa kuipokea tabo. Mwaka 1962 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Mwaka 1977 Saab ya Uswidi ilionyesha gari lake la 99 Turbo, na baada ya hapo tabo ilienea upesi Ulaya na Japani. Katika Afrika Mashariki vijana wengi waliifahamu kwa njia ya mashindano: mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya kwa Subaru Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa gari la jina hilohilo. Leo magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika, yenye injini za tabo, yamo katika miji yetu yote, na vipuri vyake huuzwa katika maduka makubwa na vibandani.

2. KILANGO KINAPOFUNGWA GHAFLA

Kati ya tabo na injini ya petroli kuna kilango cha hewa. Dereva akikanyaga pedali ya mafuta, kilango hufunguka, akiachia, hufungwa. Sasa tufikirie dereva anayepanda mlima, tabo ikizunguka kwa kasi, kisha anaachia pedali ili abadilishe gia. Kilango hufungwa mara moja, lakini gurudumu la hewa haliwezi kusimama mara moja. Huendelea kushindilia hewa katika bomba lisilo na mlango wa kutokea.

Hewa hiyo itakwenda wapi? Kanieneo katika bomba hupanda hadi gurudumu lishindwe kuisukuma zaidi, kisha hewa hurudi nyuma kupitia katikati ya mapanga yake. Kanieneo ikishuka, gurudumu husukuma tena. Ikipanda, hewa hurudi tena. Mawimbi haya hutokea mara nyingi katika nukta moja ya saa, nayo husikika kama mabawa ya njiwa aliyeshtuliwa. Kila wimbi huisukuma shafti mbele na nyuma na kuzitwika beringi zake mzigo usiostahili. Isitoshe, gurudumu hupunguza kasi, hivyo dereva akikanyaga tena pedali hana budi kusubiri lichanganye upya.

Dawa yake ni vali ya kuchepushia hewa. Vali hii hukaa kwenye bomba kati ya tabo na kilango. Kilango kinapofungwa, vali hufunguka na kuirudisha hewa iliyoshindiliwa upande wa nyuma, kati ya chujio na tabo. Hewa huzunguka kama mwendesha baiskeli kwenye mzunguko wa barabara, na gurudumu huendelea kuzunguka bila kupigana na ukuta.

Mwalimu awatahadharishe wanafunzi wasichanganye mambo matatu. Kwanza, vali hii si ile iliyo upande wa moshi, ambayo kazi yake ni kuchepusha moshi ili tabo isizunguke kupita kiasi. Pili, injini za dizeli kwa kawaida hazina haja ya vali hii, kwa sababu nguvu zake hutawaliwa kwa kiasi cha mafuta, si kwa kufunga njia ya hewa. Tatu, ule mlio mkubwa wa "psss" tuusikiao kwenye malori kituoni ni hewa ya breki, wala hauhusiani na tabo.

3. HESABU YA KANI TATU

Vali ya aina ya kawaida ina sehemu tatu: kifuniko kinachoziba tundu, springi inayokikandamiza kifuniko, na kiwambo cha mpira kilichoungana na kifuniko. Juu ya kiwambo pana chumba kidogo kilichounganishwa kwa mrija mwembamba na manifoldi, yaani njia ya hewa iliyo baada ya kilango. Hapa ndipo penye werevu wote wa kifaa hiki, kwani vali hujua dereva anafanya nini kwa kuhisi kanieneo ya manifoldi.

Kanieneo, ambayo wengine huiita shinikizo, ni kani inayokaa juu ya kila kipimo kimoja cha eneo. Kwa hiyo kani ni sawa na kanieneo mara eneo. Tuchukue vali ya mfano yenye vipimo hivi:

Eneo la kifuniko: sentimita za mraba 5, yaani mita za mraba 0.0005.
Eneo la kiwambo: sentimita za mraba 12, yaani mita za mraba 0.0012.
Kani ya springi: nyutoni 25.

Kanieneo zote tutazipima kwa kulinganisha na angahewa: iliyozidi angahewa tutaiita ya ziada, iliyo chini yake tutaiita pungufu. Ili kurahisisha, tuchukulie kwamba chini ya kiwambo kuna kanieneo ya angahewa.

Hali ya kwanza: gari linapanda mlima, pedali imekanyagwa yote. Bomba na manifoldi vina kanieneo ya ziada ya kilopaskali 80. Hewa ya bomba husukuma kifuniko kifunguke kwa kani ya 80,000 × 0.0005, yaani nyutoni 40. Lakini hewa ya manifoldi hukandamiza kiwambo kwa 80,000 × 0.0012, yaani nyutoni 96. Tukiongeza springi, kani ya kufunga ni nyutoni 121 dhidi ya 40 za kufungua. Vali imefungwa barabara.

Hali ya pili: dereva ameachia pedali. Bomba bado lina ziada ya kilopaskali 80, lakini pistoni zimeinyonya manifoldi hadi ina pungufu ya kilopaskali 60. Kiwambo sasa kinavutwa juu kwa 60,000 × 0.0012, yaani nyutoni 72. Ukijumlisha na zile 40 za kifuniko, kani ya kufungua ni nyutoni 112 dhidi ya 25 za springi. Vali hufunguka mara moja.

Hali ya tatu: mwendo wa polepole mjini. Bomba lina ziada ya kilopaskali 20, manifoldi ina pungufu ya kilopaskali 10. Kani ya kufungua ni 10 + 12, yaani nyutoni 22. Springi ya nyutoni 25 inatosha kuishinda, na vali haifunguki ovyo.

Sasa turudi Kitonga. Kiwambo kikichanika kwa upana wa kutosha, kanieneo ya juu yake na ya chini yake hukaribiana, na zile nyutoni 96 za msaada hutoweka. Springi hubaki peke yake. Itashindwa lini? Pale kani ya kifuniko itakapofikia nyutoni 25, yaani kanieneo ya 25 ÷ 0.0005, ambayo ni kilopaskali 50. Zaidi ya hapo vali hufunguka yenyewe na kuirudisha hewa nyuma. Tukichukua angahewa kuwa kilopaskali 100, injini iliyozoea kupata kilopaskali 180 sasa inapata 150 tu: sehemu moja kati ya sita ya hewa imepotea, bila kuhesabu ile inayovuja kupitia mpasuko wenyewe. Hivyo ndivyo tulivyopitwa na lori, na tabo yenyewe ilikuwa nzima.

Funzo la kwanza: gari la tabo likipoteza nguvu, usinunue tabo kabla ya kuipima vali na mirija yake.

4. KOSA LANGU LA PILI

Niliporudi nilikokuwa nikiishi nilikwenda kwenye duka la vipuri. Muuzaji alinionyesha vali mbili. Moja ilikuwa ya plastiki nyeusi, isiyopendeza, yenye namba ileile ya vali yangu ya zamani. Nyingine ilikuwa ya alumini iliyong'arishwa, nzito mkononi, na kwenye boksi lake iliandikwa kwamba ni ya mashindano. Bei zilikaribiana. Nilichukua ile inayong'aa. Kosa hilo nililifanya nikiwa na digrii tatu.

Vali ile ilikuwa na tofauti mbili ambazo sikuzitazama. Springi yake ilikuwa ngumu sana, na tundu lake la kutolea hewa halikurudi kwenye bomba bali lilielekea nje. Tuzichunguze moja baada ya nyingine.

Tuseme springi yake ilikuwa ya nyutoni 100 na vipimo vingine ni vilevile. Dereva akiachia pedali kutoka kwenye ziada ya kilopaskali 80, kani ya kufungua ni 112. Inaishinda springi, lakini kwa nyutoni 12 tu. Vali hufunguka kidogo na kwa kuchelewa. Akiachia kutoka kwenye ziada ya kilopaskali 40, kama ilivyo kawaida mjini, kani ya kufungua ni 20 + 72, yaani nyutoni 92. Vali haifunguki kabisa. Ndiyo sababu kila nilipobadilisha gia nilisikia mabawa ya njiwa. Nilikuwa nimenunua kifaa cha kuilinda tabo, nacho hakikuilinda.

Je, springi laini mno ingefaa? La. Kwa springi ya nyutoni 10, ile hali ya tatu yenye nyutoni 22 ingeifungua vali wakati dereva anahitaji hewa hiyo, na gari lingekuwa zito la kuondoka. Springi ina kiwango chake, na kiwango hicho hutokana na maeneo ya kifuniko na kiwambo pamoja na kanieneo ya injini. Kwa hiyo hakuna springi iliyo "bora" kwa magari yote.

5. HEWA IRUDI NDANI AU ITOKE NJE?

Tofauti ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Injini nyingi za petroli za kisasa zina kipima hewa mara baada ya chujio. Kompyuta ya injini husoma uzito wa hewa iliyopita hapo, ikapima mafuta yanayolingana nayo. Hewa iliyochepushwa na kurudi nyuma ya tabo, lakini mbele ya kipima hewa, haihesabiwi mara mbili. Hesabu hubaki sahihi. Lakini hewa ikitupwa nje, kompyuta haina habari. Hutoa mafuta kwa ajili ya hewa isiyokuwapo.

Ni kiasi gani? Tuseme mabomba na kipoza hewa vina ujazo wa lita 10, na hewa iliyomo ina halijoto ya kelvini 320, yaani nyuzi 47 za Sentigredi. Kwa kanuni ya gesi, tungamo ya hewa ni kanieneo mara ujazo, kugawa kwa 287 mara halijoto. Kwa kilopaskali 180 kamili tunapata:

180,000 × 0.010 ÷ (287 × 320) = kilogramu 0.0196, yaani gramu 19.6.

Kwa kilopaskali 100 tunapata gramu 10.9. Tofauti ni gramu 8.7 za hewa, zinazotoka nje kila mara vali inapofunguka. Mafuta yaliyokusudiwa kwa hewa hiyo ni 8.7 ÷ 14.7, takriban gramu 0.6. Ni kidogo kwa mara moja, lakini dereva wa mjini hubadilisha gia mara mamia kwa siku. Mafuta hayo yasiyo na hewa ya kuyachoma hutoka kama moshi mweusi, huacha masizi kwenye plagi, na yakifika kwenye kichocheo cha kusafisha moshi huungua humo na kukiharibu kwa joto. Gari langu lilianza kusitasita baada ya kila gia, nami nikadhani petroli imechanganywa na mafuta ya taa.

Kuna injini ambazo hazina kipima hewa cha aina hiyo; hupima kanieneo na halijoto ndani ya manifoldi na kukokotoa hewa kutokana na hivyo. Katika injini hizo hewa ikitoka nje hesabu ya mafuta haivurugiki, maana hewa hupimwa baada ya vali. Kwa hiyo kabla ya kununua, funua boneti na utazame: je, karibu na chujio kuna kifaa chenye waya kilichopachikwa kwenye bomba la hewa? Kikiwapo, na hicho ndicho kinachopima hewa, vali ya kutolea nje haifai.

Lipo jambo moja zaidi, linalohusu barabara zetu za vumbi. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, manifoldi ina pungufu ya kilopaskali 60 hivi, na vali yetu ya nyutoni 25 huvutwa kwa nyutoni 72: iko wazi. Kwa vali inayorudisha hewa ndani si neno, kwani hewa iliyomo imekwisha kuchujwa na kupimwa. Lakini vali ya kutolea nje ikiwa wazi wakati huo huweza kuingiza hewa isiyochujwa, pamoja na vumbi lake. Sasa twaelewa kwa nini watengenezaji wa vali za nje hupendelea springi ngumu: nyutoni 100 zinashinda 72, na mlango hubaki umefungwa. Ugumu ule ulioniumiza ulikuwa dawa ya tatizo ambalo vali ya ndani haina kabisa.

Vijana wengi huipenda vali ya nje kwa ajili ya mlio wake. Siwalaumu, mlio huo ni wa hewa inayotanuka ghafla, na fizikia yake inavutia. Lakini wajue kwamba mlio si nguvu. Ni hewa ambayo tabo imeigharimia kazi, nayo inatupwa njiani.

6. KIWAMBO, PISTONI, NA VALI ZA UMEME

Vali ya kiwambo ina faida ya wepesi. Kiwambo hakisuguani na kitu, huziba vizuri, na huitikia upesi. Adui zake ni joto, mvuke wa oili na umri. Hewa itokayo kwenye tabo huweza kupita nyuzi 100 za Sentigredi kabla ya kufika kwenye kipoza, na mpira ulioishi humo miaka mingi hukauka na kupasuka kwenye mikunjo.

Vali ya pistoni haina kiwambo. Kipande cha chuma huteleza ndani ya silinda na kuzibwa kwa pete za mpira. Huvumilia kanieneo kubwa, lakini lazima isafishwe na kupakwa grisi mara kwa mara, kwani vumbi likichanganyika na oili hukwaruza silinda au huigandisha pistoni. Mnunuzi aulize pia kuhusu metali zilizotumika. Alumini yenye kipenyo cha milimita 30 ikipata joto la nyuzi 80 zaidi hutanuka kwa 30 × 0.000023 × 80, takriban milimita 0.055. Ikiwa pistoni na silinda ni za metali moja, hutanuka pamoja; zikiwa za metali mbili tofauti, pengo lake hubadilika, na fundi aliyelichonga lazima awe amelifanyia hesabu.

Tangu miaka ya 2000 magari mengi yamekuwa na vali za umeme zilizofungwa moja kwa moja kwenye tabo. Kompyuta hupeleka umeme kwenye koili, usumaku ukaivuta vali. Injini ya lita 2.0 ya Volkswagen na Audi iliyoanza kutumika mwaka 2004 ni mfano mmojawapo. Vali zake za awali zilikuwa na kiwambo cha mpira kilichojulikana kwa kuchanika, na baadaye zikatolewa zenye pistoni ngumu. Funzo hapa ni kwamba namba ya kipuri hutofautisha matoleo. Anayenunua vali iliyokwisha kutumika aweza kuuziwa lile toleo la zamani lenye udhaifu uleule. Kadhalika, katika gari la namna hiyo usiing'oe vali ya umeme na kuweka ya mrija bila ushauri, kwani kompyuta itaikosa koili na kuwasha taa ya hitilafu.

7. KUIPIMA VALI DUKANI

Yafuatayo yaweza kufanywa na mtu yeyote, bila mitambo.

(a) Linganisha namba ya kipuri, kipenyo cha midomo yote miwili, na upande wa kufungia. Vali nyingi hutaka hewa ya bomba iingie kwa mdomo mmoja maalumu. Ukiigeuza, kani zote tulizozikokotoa hubadilika.

(b) Vuta hewa kwa mrija mwembamba, kisha uuzibe haraka kwa kidole. Vali nzima huendelea kushikilia ombwe. Iliyochanika huachia papo hapo.

(c) Pima springi kwa mizani ya dukani. Simamisha kijiti kikavu juu ya mizani, kandamiza kifuniko cha vali juu ya kijiti huku mrija ukiwa wazi, na usome mizani pale kifuniko kinapoanza kusogea. Zidisha kilo kwa 9.8. Springi ya nyutoni 25 itaonyesha kilo 2.5 hivi, ya nyutoni 100 itaonyesha zaidi ya kilo 10. Kama vali ya zamani ingalipo, ipime nayo ulinganishe.

(d) Tazama mshono wa plastiki na ukingo wa kifuniko. Vali za bandia mara nyingi hufichuka hapo, kwa kingo zisizo sawa.

8. JARIBIO LA DARASANI

Vali mbovu hutupwa kila siku katika gereji, hivyo shule yaweza kuziomba bure, pamoja na moja nzima. Unganisha bomba la sindano la mililita 60, lisilo na sindano yenyewe, kwenye mrija wa vali. Tuseme chumba cha juu ya kiwambo pamoja na mrija vina mililita 20 za hewa. Kwa Kanuni ya Boyle, kanieneo mara ujazo haibadiliki. Vali yetu ya nyutoni 25 hufunguka kwa pungufu ya 25 ÷ 0.0012, yaani karibu kilopaskali 21. Basi kanieneo ishuke kutoka 101 hadi 80, na ujazo ufike 101 × 20 ÷ 80, takriban mililita 25. Mwanafunzi akivuta mililita 5 tu, kifuniko kitaanza kusogea. Kwa springi ya nyutoni 100 atahitaji kuvuta zaidi ya mililita 90. Bomba lake halitoshi. Darasa zima litaona kwa macho kwa nini gari langu lililia kama njiwa.

Mwalimu akumbushe kwamba springi hukaza zaidi kadiri inavyobanwa, hivyo hesabu hii ni ya mwanzo wa kufunguka tu. Vali isifunguliwe kwa bisibisi karibu na macho, na kazi yoyote kwenye gari ifanywe injini ikiwa imepoa.

Hatimaye nilirudi dukani nikanunua ile ya plastiki nyeusi. Gari halikulia tena wala kutoa moshi. Nilipopita Iringa mara nyingine nilimtafuta yule kijana, nikamwonyesha hesabu ya nyutoni 96 na 25 kwenye kipande cha boksi. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza: "Kwa hiyo, Mwalimu, mpira ukichanika kidogo tu, ile kilopaskali 50 inapanda au inashuka?" Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa chuoni. Nawaachia wasomaji walijibu.

MASWALI

1. Vali ina kifuniko cha sentimita za mraba 4, kiwambo cha sentimita za mraba 10, na springi ya nyutoni 30. Bomba na manifoldi zikiwa na ziada ya kilopaskali 100, kani ya kufunga ni ngapi, na ya kufungua ni ngapi?

2. Kiwambo cha vali hiyo kikichanika kabisa, itaanza kuvujisha hewa kwa kanieneo gani?

3. Manifoldi ikiwa na pungufu ya kilopaskali 50 na bomba likiwa na ziada ya kilopaskali 30, springi isizidi nyutoni ngapi ili vali ifunguke?

4. Eleza kwa nini mbuni wa vali hufanya kiwambo kiwe kipana kuliko kifuniko.

Majibu ya 1 hadi 3: nyutoni 130 na 40, kilopaskali 75, nyutoni 62.